Muulize Anko: Familia tano, maiti ndani ya pipa na Mwitaliano wa Malindi

Tangu tuweke ile picha ndogo ya Al Capone, yule bosi wa mafia wa Chicago, kwa toleo lililopita meseji hazijaisha. Nimechagua chache, zingine zilikuwa matusi na moja ilikuwa inaniomba mkopo. Nimezikata kidogo zitoshee lakini maneno ni yenu.

SWALI: Anko sasa. Hizi familia tano za mafia za New York ni watu wa damu moja kweli ama ni jina tu? Na nani aliwapea hayo majina? Hapa kwa kinyozi tumebishana mpaka mtu akanyolewa vibaya. (Kijana wa Umoja)

JIBU: Mpeni pole huyo wa kichwa. Sio damu moja. Familia kwa New York ni genge lenye bosi, naibu wake, mshauri, makapteni, halafu huko chini wale wanaitwa askari, na askari wawili wa familia moja unaweza kuta hata hawajuani kwao ni wapi. Ndugu na mashemeji wamo, hilo sikatai, Carlo Gambino mwenyewe alikuwa ameoa dada ya Paul Castellano na alipokufa 1976 kiti kikaenda kwa huyo shemeji, lakini hakuna sheria inasema lazima kiende hivyo, na wengi walichukia vile kilienda.

Mpango wenyewe ni wa 1931. Kulikuwa na vita kati ya mabosi wawili, Joe Masseria na Salvatore Maranzano, huyu wa pili ni wa Castellammare del Golfo huko Sicily na jeshi lake lilijaa watu wa kwao. Tarehe 15 Aprili Masseria akauawa kwa mkahawa Coney Island, aliyemuuza ni kijana wake mwenyewe Lucky Luciano. Maranzano akajifanya bosi wa mabosi wote, hakumaliza hata miezi tano, tarehe 10 Septemba watu wakaingia ofisini kwake wakijifanya maafisa wa serikali wakammaliza hapo hapo. Luciano akaona hii kitu ya mfalme mmoja itawamaliza wote, wakaweka kamati, mabosi wanakaa meza moja na hakuna anayeruhusiwa kumuua bosi mwenzake bila hiyo meza kukubali.

Sasa majina. Genovese, Gambino, Lucchese, Bonanno, Colombo, hao ni mabosi wa zama za Joe Valachi (Colombo alishika kiti muda mfupi baadaye), askari wa Genovese ambaye 1963 alikaa mbele ya kamati ya Seneti akamwaga kila kitu kwa televisheni. Kwa hivyo Gambino hakuanzisha Gambino. Kabla yake bosi wa kundi hilo alikuwa Albert Anastasia, na huyo alipigwa risasi tarehe 25 Oktoba 1957 akiwa amekaa kwa kiti cha kinyozi hotelini Manhattan, uso umefunikwa taulo ya moto. Waambie hao wa hapo kwenu wakae wakiangalia mlango.

SWALI: Anko mimi ni makanga, gari yetu inapiga Githurai. Kila asubuhi kuna vijana lazima tuwatoe kitu ndio gari ipakie, usipotoa kioo kinaenda. Nimesikia mafia walianza hivyo hivyo, ni ukweli? Na hao Waitaliano wenzao walikuwa wanalipa juu ya nini, si wangeenda tu polisi?

JIBU: Pole kaka. Ni ukweli, na hilo swali lako la mwisho ndilo mimi nimelingoja, juu watu wengi wakifuata hizi stori wanaangalia wenye suti na kofia, hakuna anayemuangalia muuza mkate.

Kuanzia kama 1880 mpaka vita vya kwanza vya dunia Waitaliano walivuka kwenda Marekani kwa mamilioni, wengi ni watu wa kusini, Sicily, Calabria, Campania huko karibu na Naples. New York walijazana Mulberry Street na East Harlem, chumba kimoja familia mbili. Kingereza hawana, benki hawaziamini, na polisi wa wakati huo wengi walikuwa Wairish ambao Kiitaliano hawasikii hata salamu. Basi hapo ndio barua zikaanza. Kinyozi, muuza mboga, mwenye duka la mkate, anaamka asubuhi anakuta karatasi chini ya mlango, lete kiasi hiki mahali fulani la sivyo utaona, na chini pamechorwa kisu, fuvu ama mkono mweusi. Hiyo ndiyo watu wakaita Mano Nera, yaani mkono mweusi. Usidhani kilikuwa chama kimoja chenye ofisi na mwenyekiti, mtu yeyote mwenye kalamu na roho mbaya angetuma, ndio maana ilikuwa ngumu kuikata. Ukikaa ngumu duka linalipuliwa na baruti, ama mtoto anachukuliwa njiani akitoka shule. Hata Enrico Caruso, yule mwimbaji wa opera aliyekuwa anajulikana dunia nzima, aliandikiwa.

Angalia basi ni nani anaandikiwa. Matajiri wa Fifth Avenue hawaandikiwi. Ni Mwitaliano anamwandikia Mwitaliano, tena mara nyingi wametoka wilaya moja, juu anajua umeweka ngapi, watoto wako wanapita wapi, na zaidi ya yote anajua mamako amebaki kijiji gani. Hapo kwa mama ndipo midomo ilifungwa. Wewe unaweza hama Githurai ukaenda Rongai, lakini mtu anayejua ushago kwenu utamhama vipi?

Kulikuwa na polisi mmoja aliyeelewa hii kitu, Joe Petrosino, mtoto wa fundi cherehani kutoka Padula. Alifika New York akiwa mdogo, akapiga viatu rangi, akafagia barabara, 1883 akaingia polisi. Baadaye 1905 akapewa kikosi kidogo cha wapelelezi Waitaliano. Kesi iliyomjengea jina ni ile ya pipa. Aprili 1903, East 11th Street, mama mmoja anapita asubuhi anaona pipa limeachwa kando ya barabara na koti limewekwa juu, akichungulia kuna maiti imekunjwa ndani, shingo imekatwa, imezungukwa na unga wa mbao. Hakuna anayemjua. Petrosino akachukua picha ya maiti akaenda nayo jela ya Sing Sing, akamuonyesha mfungwa mmoja Msicily, yule mfungwa akashtuka, huyu ni shemeji yangu, Benedetto Madonia wa Buffalo. Kumbe Madonia alikuwa kwa biashara ya noti bandia na genge la Giuseppe Morello, yule wa mkono wenye kidole kimoja tu kirefu, na walikuwa wamekosana. Saa ya marehemu ikafuatwa mpaka kwa duka la kuweka rehani, tiketi ya hiyo rehani ikapatikana mfukoni mwa mtu wa Morello. Wewe na mimi tungesema kesi imeisha. Haikuisha, mashahidi walipofika mbele ya jaji mmoja mmoja wakapoteza kumbukumbu, hadi wa familia ya marehemu, na wote wakaenda nyumbani. Morello alikuja kufungwa 1910 kwa hizo hizo noti bandia, miaka 25, na Ignazio Lupo shemeji yake 30. Kwa mtu wa pipa hakuna aliyelipa.

Na Petrosino? 1909 alitumwa Italia kwa siri akatafute rekodi za wahalifu ndio wafukuzwe Marekani. Siri gani, mkuu wake alitangaza safari kwa magazeti! Tarehe 12 Machi jioni alipigwa risasi Piazza Marina, Palermo huko Sicily, akingoja chini ya taa. Aliyeshukiwa zaidi, Vito Cascio Ferro, mwanasiasa akajitokeza akasema huyo alikuwa nyumbani kwangu. Kesi ikafia hapo. New York walimzika kwa umati wa watu zaidi ya laki mbili, na wengi walikuwa hao hao Waitaliano wa mitaani waliokuwa wanaogopa kusema.

Kwa hivyo walilipa juu polisi hawakuwaelewa, wanasiasa wengine walikuwa upande ule mwingine, na shahidi hana mtu wa kumlinda akishatoka kortini. Kwenu hapo steji, usiende peke yako, anayeenda peke yake ndiye kioo chake kinapasuliwa. Pelekeni kama sacco, kwa maandishi, na mjihifadhie nakala.

SWALI: Asalaam aleikum Anko. Mimi ni mkaaji wa Eastleigh. 2014 binamu yangu alibebwa kwa ule msako akalala siku kadhaa bila kosa, kosa lilikuwa ni jina na sura. Nataka kujua kama Waitaliano pia walifanyiwa hivyo ama ni sisi tu.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Walifanyiwa, na New Orleans walifanyiwa vibaya zaidi ya kulala ndani.

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa mji, David Hennessy, alipigwa risasi akienda nyumbani, akafa kesho yake. Ikasemekana kabla hajafa alitamka kwamba ni Waitaliano, kwa lile neno la matusi walilokuwa wanaitwa. Basi ikawa msako, wanaume Waitaliano wanashikwa kwa makumi bila mpango, muuza matunda, fundi viatu, mtu wa bandarini. Mwishowe 19 wakashtakiwa. Tisa wakafikishwa kortini kwanza, na tarehe 13 Machi 1891 baraza la mahakama, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, likasema sita hawana hatia, watatu hawakuelewana juu yao. Ni kweli mjini kulikuwa na familia mbili za biashara ya bandari, Provenzano na Matranga, zilizokuwa zinapigania kupakua matunda melini, na ni kweli walikuwa wamepigana risasi. Lakini ushahidi wa kuunganisha hao tisa na Hennessy haukusimama.

Asubuhi ya tarehe 14 gazeti likaita watu wenye heshima zao wakutane kwa sanamu ya Henry Clay, Canal Street. Soma hapo vizuri, wenye heshima, mawakili na wafanyabiashara, sio walevi. Maelfu wakaandamana mpaka jela, wakavunja mlango, wakaua watu 11. Watatu kati ya hao mahakama ilikuwa imewaachilia jana yake, watatu ni wale baraza lilikosa kuelewana, na watano hata kesi yao haikuwa imesikizwa. Hakuna mtu aliyefungwa kwa hayo mauaji. Magazeti makubwa ya huko yalishangilia. Italia ikamwita balozi wake nyumbani, Marekani ikalipa dola 25,000 ndio maneno yaishe, na meya wa New Orleans aliomba msamaha rasmi 2019, yaani miaka 128 baadaye.

Na niongeze hii, juu inanichoma. Baada ya pale Mwitaliano gani angepeleka ripoti polisi? Yule wa kutuma barua za mkono mweusi alipata kazi rahisi, anakuambia tu, uliona walichofanyia wenzetu, nenda basi. Ukisaka mtaa mzima kwa sura, yule mhalifu uliyekuwa unamtafuta umemfanyia matangazo ya bure. Mpe binamu salamu.

SWALI: Mimi nasoma sheria na bado sielewi. Mtu kama Capone anaua watu halafu anafungwa kwa kodi? Serikali ilishindwa na mauaji kabisa? (South B)

JIBU: Ilishindwa, wakili mtarajiwa. Tarehe 14 Februari 1929 Chicago wanaume saba walisimamishwa ukutani kwa gereji wakamiminiwa risasi na watu ambao wengine walivaa sare ya polisi, kila mtu akamtazama Capone, yeye alikuwa Florida kwa jua, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Kodi ilikuwa karatasi, na karatasi haiogopi kutoa ushahidi. Oktoba 1931 akapewa miaka 11. Na ujue huyo hata si mhamiaji, alizaliwa Brooklyn 1899.

Shida ya mauaji ni kwamba bosi hashiki bunduki. Anaitikia kwa kichwa, kapteni anamwambia askari, askari akishikwa anafunga mdomo na familia inatunza mke wake. Kilichobadilisha ni sheria ya 1970 inaitwa RICO, ambayo inakuruhusu kushtaki genge lenyewe kama biashara, sasa huhitaji tena kuonyesha nani alifyatua, unaonyesha huyu ndiye anaendesha biashara na hizi ndizo kazi zake. Walichukua karibu miaka kumi kabla waanze kuitumia vizuri, lakini walipoanza! Wakaweka kinasa sauti ndani ya gari aina ya Jaguar lililokuwa linambeba bosi wa Lucchese, Tony Corallo, mzee anapiga stori za kamati huku anaendeshwa. Kesi ya hiyo kamati ya mabosi iliisha Novemba 1986, na Januari 1987 Corallo, Tony Salerno na Carmine Persico wakapewa miaka 100 kila mmoja. Paul Castellano naye alikuwa kwa hiyo hiyo kesi ila hakufika, alipigwa risasi mbele ya mkahawa wa nyama Manhattan tarehe 16 Desemba 1985, kwa amri ya John Gotti, aliyechukua kiti chake cha bosi wa Gambino.

Sehemu utakayoipenda wewe ni simiti. Kontrakti yoyote ya simiti New York iliyozidi dola milioni mbili ilikuwa imegawanywa na familia kabla tenda ifunguliwe, nani atashinda, na asilimia mbili inarudi kwa mabosi. Jengo refu unalipiga picha, lina asilimia ya mafia ndani ya nguzo. Wakontrakta wa Nairobi msinitumie meseji, mimi naongea ya New York.

Gotti aliponyoka mara kadhaa, kwa kesi moja ya 1987 kulikuwa na mtu ndani ya baraza ameshanunuliwa. 1992 naibu wake Sammy Gravano akageuka akatoa ushahidi, Gotti akapata maisha, akafia ndani 2002. Gravano alikubali kushiriki mauaji 19 akapewa miaka mitano. Hiyo hesabu mwalimu wako akueleze, mimi bado inanikataa. Kitu ingine, angalia nani waliwashika. Mwendesha mashtaka mkuu Rudolph Giuliani, mjukuu wa Waitaliano. Joe Pistone, aliyekaa ndani ya Bonanno kama mpelelezi tangu 1976 hadi 1981, Mwitaliano wa damu. Na Palermo kulikuwa na Giovanni Falcone, hakimu mchunguzi wa kesi za mafia, aliyekuwa anabadilishana mafaili na Wamarekani hadi walipomlipua barabarani tarehe 23 Mei 1992.

SWALI: Shikamoo Anko. Kijana wangu amepata kazi mkahawa wa Kiitaliano Ujerumani, jirani akanionyesha habari ya watu sita kuuawa nje ya mkahawa kama huo. Nimzuie?

JIBU: Marahaba mama, usimzuie. Hiyo ni Duisburg, tarehe 15 Agosti 2007, nje ya mkahawa Da Bruno, na waliouawa walikuwa wote Waitaliano waliolengwa kwa ugomvi wa kwao. Mmoja alikuwa amesherehekea kutimiza miaka 18 usiku huo huo. Ugomvi ulianza 1991 kijijini San Luca, Calabria, vijana walirushiana mayai wakati wa sherehe, ikawa ngumi, ikawa risasi, Krismasi ya 2006 akauawa mama mmoja kwa familia ya Strangio, na kisasi kikafuata mpaka Ujerumani. Giovanni Strangio alikamatwa karibu na Amsterdam 2009, akahukumiwa maisha.

Yule kijana wa Umoja asome hapa pia, juu hii 'Ndrangheta, mafia ya Calabria iliyo nyuma ya huo ugomvi, ni kinyume cha New York. Huku familia ni damu kabisa, baba, mtoto, binamu, ndoa zinapangwa ndio vikundi viungane. Ndio maana wasaliti ni wachache, kumtaja bosi ni kumtaja babako. Na ndio maana hawana haja na mpishi kutoka Kenya. Wewe angalia mkataba una mshahara na bima, na ni nani anashika pasipoti. Akiambiwa aiache kwa mwenye mkahawa, hapo ndio umzuie.

SWALI: Kuna raia wa kawaida, si mhalifu wala karao, aliwahi simama mbele yao? (Kayole)

JIBU: Donald Mackay, Griffith, Australia. Muuza fanicha na mgombea siasa, aliona mashamba ya bangi yananawiri karibu na mji ambao familia nyingi zimetoka Calabria, hasa Platì, akapeleka habari polisi. Tarehe 15 Julai 1977 alitoka baa jioni, gari lake likapatikana na damu na maganda ya risasi, yeye mpaka leo hapana. Tume ya uchunguzi ikataja watu wa genge, na 1986 James Bazley akapatikana na hatia ya kula njama. Bazley hakuwa Mwitaliano, alikuwa amekodiwa. Waitaliano wengi wa Griffith ni wakulima wa zabibu na machungwa na wamebeba hiyo aibu miaka yote bila kupanda hata mche mmoja.

SWALI: Anko, mjomba wangu ana ploti Malindi, kuna mzee Mwitaliano anaitaka na ametoa bei nzuri. Majirani wanasema hao wote ni mafia. Akatae?

JIBU: Majirani wana ushahidi ama wana wivu? Waitaliano wako Malindi tangu enzi za kituo cha roketi cha San Marco, walirusha setilaiti kutoka baharini pale 1967, wakafuata wenye hoteli, wenye aiskrimu na wastaafu wanaopenda jua. Kama huyu mzee ana kosa, kosa lina faili mahali, si kwa pasipoti yake.

Mjomba aangalie vitu vingine. Katiba yetu ya 2010 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja, anapata lisi isiyozidi miaka 99, kwa hivyo mtu akimletea karatasi ya kuuza milele kuna mmoja anadanganywa na pengine ni huyo mzee. Afanye sachi kwa ofisi ya ardhi, atafute wakili wake mwenyewe asitumie wa mnunuzi, na pesa ipite benki. Wakisema ni keshi kwa begi, kukiwa Mwitaliano ama Mgiriama ama mtu wa Nyeri, akatae.